Mradi wa bilingani na mayai: wiki tatu jikoni, Nasr City

Ijumaa, Aprili 4, 2025

Nimeanza leo baada ya swala ya Ijumaa, na nimeanza vibaya.

Maelezo kwanza kwa asiyenijua. Naishi Hay el-Sabe', Nasr City, hapa Cairo, ghorofa ya nne. Tuko watatu: mimi wa Tanga, mwenzangu wa Mombasa na mwingine wa Ujiji. Sote tunasoma Azhar. Mwaka juzi tulihama bweni la wanafunzi wa kigeni kule Abbasiya kwa sababu tulitaka jiko letu wenyewe. Jiko tukalipata, mpishi hatukumpata. Tangu hapo ni wali, maharage na chai, na asubuhi tunashuka chini.

Chini kuna mkokoteni wa ful, yaani maharage makubwa ya kuchemsha. Unafika alfajiri na saa tano umeshaondoka. Mzee anauza ful, taamia (bajia za maharage hayo), mayai ya kuchemsha, na bilingani la kukaanga linalotiwa ndani ya mkate. Hilo bilingani ndilo lililonifungulisha daftari hili. Mwezi wa Ramadhani mzee aliuza usiku, wakati wa daku, ng'ambo ya barabara kuu, nami nikaona uvivu kuvuka. Nikalipika mwenyewe kwa ajili ya futari. Likatoka kama sifongo la kuoshea vyombo lililosahauliwa kwenye karai. Wenzangu walilila kwa heshima ya mwezi.

Sasa nimejiwekea muda. Jumatatu ya Aprili 21 ni Sham en-Nesim, sikukuu ya Wamisri wote, Waislamu kwa Wakristo, inayofuata Pasaka ya Wakopti. Hagga wa ghorofa ya pili (Hajjat kwetu, ila Mmisri jimu hana) ametualika darini, na kila nyumba inapeleka kitu. Mwaka jana sisi tulipeleka soda. Mwaka huu nataka kupeleka chakula. Shabaha zangu ni nne: bilingani la mkokoteni, mesa'aa (bilingani la kukaanga lililopangwa na rojo la nyanya), mayai ya basterma (nyama kavu), na ega, yaani kimanda cha oveni.

Kazi ya leo: mabilingani matatu ya duara, kilo na nusu. Mwenye duka la mboga aliniuliza, "Rumi au arus?" Rumi ni yale manene ya zambarau, ya kukata vipande. Arus ni membamba marefu, meupe au meusi, ya kujaza. Arus ni bi arusi, neno lilelile. Nikachukua rumi, nikamwacha bi arusi kwanza.

Nilikata, nikatia kwenye kikaango chenye mafuta robo lita kabla hayajapata moto, nikajaza mpaka ukingoni. Dakika mbili mafuta yote yametoweka. Nikaongeza. Yakatoweka tena. Nyama ya bilingani bichi imejaa vipenyo vya hewa, na mafuta ya uvuguvugu hukaa humo kama mgeni aliyeonyeshwa chumba. Nusu lita kwa mabilingani matatu, na bado katikati palikuwa pabichi.

Jumamosi, Aprili 5

Chumvi. Vipande vya unene wa kidole, vijiko viwili vya chumvi, ndani ya chujio kwa dakika 45. Vilitoa maji ya kahawia karibu kikombe. Nikavikamua kidogo, nikavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa. Hapo usifanye haraka: kipande kimoja nilichokisahau kilirusha mafuta, nina alama ya kuungua kwenye kifundo cha mkono.

Mafuta sasa ni mengi, kina cha vidole vitatu, kwenye sufuria ndogo. Nilichovya mpini wa mwiko wa mti. Vilipoanza kutoka viputo vingi kuuzunguka, nikatia vipande vinne tu. Vikatoka na rangi ya ngozi ya tende, vikavu juu, laini kama siagi ndani. Mafuta yaliyopotea hayazidi kikombe kimoja cha kahawa.

Lakini ladha siyo. Ni bilingani zuri, ila si la yule mzee.

Jumapili, Aprili 6

Nimeshuka mapema, nikasimama pembeni mpaka foleni ikapungua. Nikamwambia, ya am (ee ami), bilingani lako unalifanyaje? Akaniangalia kama vile nimemuuliza maji anayachemshaje. Akasema, "Toom we khall." Kitunguu saumu na siki. Kisha akafunua bati lake.

Sikuwahi kulitazama vizuri lile bati. Lina mchuzi mwembamba wa kahawia, juu yake yanaelea mafuta kidogo na vipande vya kitunguu saumu ambavyo havijasagika sawasawa, na pilipili ya kijani iliyokaangwa nzima mpaka ikakunjamana. Vipande vya bilingani vimelala humo, vimepangana kama vigae. Anavichukua kwa uma, anavikung'uta mara moja ukingoni, anavitia kwenye mkate, anachota mchuzi kijiko kimoja na kumimina juu. Kila mkate ni uleule mwendo wa mkono.

Nilipokuwa nalipa akaongeza, kama mtu anayekiri kosa, "Hili la jana." Nikafikiri ananipa tahadhari. Kwetu muuzaji akikwambia chakula ni cha jana, unamshukuru na kwenda zako. Nikacheka, nikaondoka. Nayaandika haya usiku, na ndiyo kwanza nashtuka: mzee anakaanga baada ya Isha, anamwaga mchuzi juu wakati vipande vina moto, analala. Asubuhi anauza. Hakuwa anakiri chochote, alikuwa ananipa nusu ya pili ya maelezo.

Jumatatu, Aprili 7

Mchuzi, kwa rumi mbili: punje nane za kitunguu saumu zilizotwangwa kinuni na chumvi, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, kimoja cha giligilani ya kusaga, pilipili mbichi moja, vijiko vinne vya chakula vya siki nyeupe, na maji vijiko viwili. Kitunguu saumu kipitishwe kwenye mafuta kwa kuhesabu hadi kumi, halafu siki. Utoe sufuria motoni kabla ya kumimina siki. Mimi sikuitoa, nikajaza jiko mvuke wa kuchoma macho. Mwenzangu wa Ujiji alitoka chumbani anakohoa akiuliza kama kuna maandamano.

Vimelala usiku kucha, vimefunikwa kwa sahani. Asubuhi ndilo lenyewe. Siki imetulia, haikuchomi tena puani, na kitunguu saumu kimeingia mpaka katikati ya kipande. Shabaha ya kwanza imekamilika. Mkate wa baladi, moto, kutoka kwenye tanuri la kona. Wamisri mkate wanauita eish, na eish ni hilohilo lililozaa maisha na kuishi kwetu. Mtu akikwambia ameishiwa eish, msaidie.

Jumatano, Aprili 9

Mesa'aa, jaribio la kwanza. Vipande vilivyokaangwa, pilipili hoho za kijani zilizokaangwa, na moja kali, kisha rojo la nyanya: kilo moja ya nyanya zilizokunwa, punje tano za kitunguu saumu, siki kijiko kimoja, chumvi. Safu ya bilingani, safu ya rojo, safu ya bilingani. Dakika 25 ndani ya oveni. Sikutia nyama, kwanza kwa bei yake, pili kwa sababu mwenye duka la mboga, ambaye ni Mkopti, alinihakikishia kwamba haihitaji. Wako kwenye mfungo mkubwa sasa, siku 55 bila nyama, mayai wala maziwa, na anasema bila mesa'aa angekuwa ameshakonda.

Nilimpelekea Hagga sahani ikitoa moshi, nikijiona. Akagusa ukingo kwa kidole. "Sukhna leh, ya ibni?" Mbona ya moto, mwanangu? Hakuionja. Aliiweka juu ya friji, akanipa chai, akaniuliza habari za mama yangu, za masomo, za mama yangu tena. Baada ya saa nzima ndipo alipochukua uma.

Halafu akanifundisha jina. Kwenye kioski, ukitaka soda baridi, unasema haga sa'a, kitu cha baridi. Mesa'aa imetoka humohumo: iliyopozwa. Wamisri wanameza qafu ndiyo maana sikio langu la darasani halikuikamata. Kwa Kiarabu cha kitabuni ni musaqqa'a, neno ambalo Wagiriki nao walilichukua wakaita moussaka, wakalitia mchuzi mweupe wa maziwa juu na kulila la moto. Miaka mitatu nasoma sarufi ya Kiarabu, na jina la chakula lilikuwa linaniambia lenyewe jinsi ya kuliwa.

Nimemtumia mama picha. Amejibu kwa sauti: "Zuri mwanangu, ila nazi umesahau." Sijamjibu bado.

Alhamisi, Aprili 10

Sikupika. Nimesoma tu, na nadhani linafaa kuingia humu. Bilingani si la Mafirauni. Halimo katika vyakula vya Misri ya kale. Limetoka Asia, likapita Uajemi, likaingia kwa Waarabu. Jina limesafiri nalo: baingan kwa Wahindi, bademjan kwa Waajemi, bitingan hapa, bilingani kwetu. Ngogwe zetu, nyanya chungu, ni ndugu zake waliozaliwa Afrika. Matabibu wa zamani wa Kiarabu walilichukia, wakisema linaleta ugonjwa wa nyongo nyeusi, na wapishi wakawa wanalitia chumvi kulitoa ule weusi. Anayesifiwa kulipandisha cheo ni Buran, aliyeolewa na khalifa al-Ma'mun mwaka 825. Vyakula vya bilingani la kukaanga vikaitwa kwa jina lake, burani. Kumbe chumvi yangu ya Jumamosi ina umri wa zaidi ya miaka elfu.

Jumamosi, Aprili 12

Ega. Nilijiona fundi kwa sababu nimekulia kwenye chipsi mayai. Nani wa Tanga asiyejua kugeuza zege? Mayai sita, kitunguu maji kilichokunwa, majani ya bakdunis (parsley), kijiko cha unga. Kikaangoni, nikageuza kwa sahani. Juu limeungua, ndani linatiririka. Ule unga na kile kitunguu vinalifanya zito, halikubali moto wa haraka.

Jaribio la pili, jioni, kwa oveni. Oveni yetu haina namba, ina moto mkubwa na moto mdogo, basi. Nilichojifunza:

Kitunguu kikishakunwa, kikamuliwe mkononi mpaka kisitoe tone. Bakdunis nusu fungu, shabat kidogo (yale majani membamba kama nywele), bizari nyembamba, pilipili manga, chumvi, unga kijiko kimoja cha chakula na bekin pauda ncha ya kijiko. Trei iingie kwanza ndani ya oveni na mafuta vijiko vitatu, ipate moto mpaka mafuta yaanze kutembea. Ukimimina mayai lazima usikie sauti. Usiposikia, rudisha trei, subiri. Dakika 20 moto mdogo, tatu za mwisho moto mkubwa.

Liliumuka kama mto, likashuka, kingo zikawa za dhahabu na zinakatika kwa kelele. Nilikata vipande vya mraba. Cha mwisho kiligombaniwa.

Jumapili, Aprili 13

Trei ya mayai 30 imenidondoka ngazini.

Nilikuwa nimeibana kwapani, mkono mwingine mkate. Ngazi ya pili kutoka chini, kamba ya kiatu. Tisa yamekwisha kabisa, manne yana ufa, 17 yamepona. Hagga alifungua mlango, akatazama ute unavyoteremka ngazi baada ya ngazi, na kabla ya pole akasema, "Hisbet Barma!" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Barma ni kijiji karibu na Tanta, upande wa kwao. Wanasimulia kwamba mama mmoja alibeba kapu la mayai, mtu akamgonga, yakavunjika yote. Watu wakataka kumlipa, wakamuuliza yalikuwa mangapi. Akasema: ukiyahesabu matatu matatu linabaki moja, manne manne linabaki moja, matano matano moja, sita sita moja, lakini saba saba halibaki kitu. Ndiyo maana hapa hesabu yoyote iliyovurugika, bili ya umeme au ugomvi wa mirathi, huitwa hesabu ya Barma. Nilikaa ngazini na kalamu badala ya kupiga deki: 61, 121, 181, 241, hakuna inayogawika kwa saba. 301 ndiyo. Mama wa watu alikuwa amebeba mayai 301.

Yenye ufa hayalazwi. Yote manne yameingia kwenye shakshuka: kitunguu, hoho, nyanya mpaka zikauke, mayai yakavurugwa humohumo kwa mwiko. Kwingine huyaacha mazima yakae kama macho. Jirani zangu hapa wanavuruga, nami nimevuruga. Haikuwa kwenye orodha, ila imekuja yenyewe.

Jumatatu, Aprili 14

Basterma, gramu mia, imekatwa nyembamba. Ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa na kupakwa unga wa uwatu, kitunguu saumu na pilipili. Samli kijiko, basterma nusu dakika, mayai matatu juu, funika. Usitie chumvi. Mimi nilitia. Harufu ya uwatu imekaa kwenye mapazia. Mwenzangu wa Mombasa anasema nyumba inanuka kama chumba cha mzazi, akauliza mtoto yuko wapi. Mara ya pili, bila chumvi, yamekuwa mazuri sana, lakini ni chakula cha kuliwa hapohapo, hakipandi darini. Nimekiondoa kwenye mpango wa Jumatatu.

Alhamisi, Aprili 17

Upepo wa khamsini, vumbi mpaka kwenye sukari. Madirisha yamefungwa, hivyo kuchoma bilingani juu ya moto wa jiko kwa ajili ya baba ghanuj (bilingani la kuchoma lililopondwa) halikuwa wazo la mwenye akili. Limepasuka, maji yake yakaziba matundu ya gesi. Nimeyazibua kwa sindano, saa nzima.

Jumapili, Aprili 20

Kazi ya mwisho. Rumi sita, kilo tatu, chumvi saa moja, kukaanga kwa mikupuo 14. Mesa'aa trei mbili, zimetoka oveni saa kumi jioni, zimefunikwa kwa kitambaa, ziko kibarazani. Sizigusi. Mwenzangu wa Ujiji amekuja na kijiko mara mbili, nimemfukuza mara mbili.

Mayai: kwa Sham en-Nesim watoto huyapaka rangi, na wengi huyachemsha na maganda ya vitunguu maji yakawa mekundu. Nusu saa inatosha kwa rangi. Ila Wayahudi wa Misri walikuwa na yao, beid hamine, yaliyoachwa na maganda hayohayo kwenye moto mdogo usiku mzima. Baada ya wiki hizi mbili nimeshakuwa mtu wa kuacha vitu, kwa hiyo nimeyaweka: mayai 12, maganda ya vitunguu kumi, kijiko cha mafuta juu ya maji yasikauke upesi, moto kama wa kibatari. Kuanzia saa tatu usiku. Nimeweka kengele ya simu kila baada ya saa mbili kuongeza maji.

Jumatatu, Aprili 21

Saa kumi na moja alfajiri nimemenya moja. Kaka lina rangi ya mti wa mninga. Ute umekuwa kama chai ya maziwa, si mgumu wala hautelezi, na kiini ni laini, kina ladha inayokaribia ya korosho ya kukaanga. Nimekula nimesimama, bila chumvi.

Darini tulikuwa kama watu 20. Fesikh ilikuwepo, yule samaki aliyechachushwa kwa chumvi ambaye wizara ya afya huonya juu yake kila mwaka na kila mwaka analiwa. Sisi wa ng'onda hatukutishika na harufu, ila mwenzangu wa Ujiji alihamia upande wa upepo. Vitunguu vya majani, letasi, limau. Mesa'aa yetu iliwekwa katikati, imepoa, rojo limeshikana, mayai ya kahawia yamekatwa nusu juu yake. Ega niliyoikata miraba iliisha kabla sijakaa, watoto.

Hagga alichukua mesa'aa kwa kipande cha mkate, akatafuna taratibu, akiniangalia.

"Ya jana?"

"Ya jana, ya Hagga."

Akavuta trei ikamkaribia.

Ijumaa, Aprili 25

Trei zimerudi na wali wa maziwa ndani. Hata hapa chombo hakirudi kitupu. Mama nimemjibu kuhusu nazi: nimemwambia likizo tutapika yote mawili, lake na langu, lake la moto.

Kilichobaki ni bi arusi. Nimenunua nusu kilo, meupe kwa meusi, nikayachemsha dakika kumi, nikayapasua upande mmoja, nikayajaza kitunguu saumu, pilipili nyekundu na majani ya giligilani, nikayasimamisha ndani ya chupa na siki na maji ya chumvi. Chupa iko juu ya friji. Hagga amesema nisiifungue kabla ya Jumatano.